Kaya, Olmarei na Kasha la Fedha: Uhakiki wa Nyongeza za Modeli ya Ufugaji wa Kajiado

1. Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kushughulikia riwaya, tamthilia na ushairi, na pengine sarufi na kamusi. Ni mara chache umegeukia maandishi yanayotungwa kwa tarakimu. Hata hivyo, modeli ya kompyuta inayoeleza maisha ya watu ni masimulizi kama masimulizi mengine. Ina wahusika, ina mandhari, ina mfuatano wa matukio, na ina mtunzi aliyeamua nani atajwe na nani asitajwe. Tofauti yake na riwaya ni kwamba aghalabu wasomaji wake ni watu wenye madaraka juu ya ardhi, maji na malisho.

Makala haya yanachunguza nyongeza zilizofanywa katika programu ya SAVANNA, ambayo ilitumiwa kukadiria hali ya mifugo na wafugaji wa Kajiado nchini Kenya. Hoja inayotetewa ni kwamba kila nyongeza katika programu ya namna hii ni nyongeza ya msamiati, na kwamba programu haiwezi kuona jambo ambalo haikupewa jina lake. Nyongeza ya kaya, iliyochapishwa mwaka 2003, ilikuwa hatua kubwa mbele. Lakini majina iliyoyachagua yaliacha nje mambo mawili ambayo lugha ya Kimaa ina maneno mahsusi ya kuyataja. Mwishoni litajadiliwa suala la Kiswahili, maadamu hiyo ndiyo lugha ambayo mfugaji, mtafiti na afisa wa ardhi wangeweza kujadiliana kwayo wakiwa pamoja.

2. Mahali panaposimuliwa

Anayetaka kuelewa uzito wa suala hili hana budi kuanzia kaskazini mwa Kajiado. Huko Gataka, upande wa Ongata Rongai, ardhi hutajwa kwa ploti, na kipimo kinachojulikana na kila dalali ni hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa futi 100. Ng'ombe mmoja hawezi kulishwa na kipande hicho hata kwa wiki chache. Upande wa mashariki, katika mbuga za Kitengela, mabadiliko yalipitia mlango wa sheria. Sheria ya Ardhi ya Wawakilishi wa Vikundi ya mwaka 1968 ilikuwa imewapa wafugaji umiliki wa pamoja wa maeneo makubwa yaliyoitwa ranchi za vikundi. Ranchi ya Kitengela iligawanywa mwaka 1988, na kila mwanachama akapata hatimiliki yake. Baada ya hapo zilifuata biashara ya vipande vya ardhi, nyua za waya na machimbo ya mawe, na njia ambazo nyumbu na punda milia walizitumia kuingia na kutoka katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, zikazidi kubanwa.

Kusini mwa Kajiado, karibu na Amboseli, mambo yalikwenda polepole zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, baadhi ya ranchi kubwa za huko zilikuwa bado hazijagawanywa, na mjadala juu ya kuzigawa ulikuwa mkali. Swali lililoulizwa kusini lilikuwa limekwisha kujibiwa kaskazini kwa vitendo: je, ardhi ikikatwa vipande, mifugo na watu watakuwaje? Watafiti waliamua kuliuliza swali hilo kwa kompyuta.

3. Programu na nyongeza zake

SAVANNA ilitungwa na Michael Coughenour wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, na chimbuko lake ni utafiti uliofanywa Turkana katika miaka ya 1980. Programu hii huigawanya nchi katika miraba midogo, kisha hupiga hesabu wiki baada ya wiki. Huhesabu mvua iliyonyesha, majani yaliyoota, miti iliyotoa kivuli, na wanyama waliokula na kunenepa au kukonda. Wahusika wake wakuu ni mvua, nyasi na mnyama. Mtu yumo kwa mbali tu, kama nguvu isiyoonekana inayoswaga mifugo kutoka mraba mmoja hadi mwingine.

Mwaka 2003 Philip Thornton, Kathleen Galvin na Randall Boone walichapisha sehemu mpya iliyounganishwa na SAVANNA. Waliiita PHEWS, ufupisho wa jina refu linaloweza kufasiriwa kuwa kiigizi cha uchumi na ustawi wa kaya za wafugaji. Ilijaribiwa kwanza Ngorongoro, Tanzania. Mwaka 2006 watafiti hao, wakiwa pamoja na Shauna BurnSilver, walichapisha matumizi yake kwa ranchi za vikundi za Kajiado. Katika sehemu hii kaya ina mahitaji ya chakula na ina kasha la fedha. Maziwa na mazao ya nyumbani huhesabiwa kuwa chakula. Pakiwa na upungufu, fedha hutolewa kashani kununua chakula. Kasha likipwaya, mnyama huuzwa. Na kama baada ya yote hayo bado kuna pengo, pengo hilo hujazwa kwa kitu kitokacho nje ya mfumo, yaani zawadi au chakula cha msaada. Na ukubwa wa pengo huchukuliwa kuwa kipimo cha njaa.

Hatua iliyofuata ilikuwa modeli iliyoitwa DECUMA, iliyoelezwa na Boone na wenzake mwaka 2011, ambayo nayo iliunganishwa na SAVANNA. Hapo kila kaya ilianza kuhesabiwa peke yake, ikiwa na maamuzi yake, badala ya kaya kujumlishwa katika matabaka machache.

4. Faida ya nyongeza ya kaya

Haitakuwa haki kuihakiki nyongeza hii bila kukiri kwanza ilichoongeza. Kabla yake, habari ya kugawanya ardhi ilikuwa habari ya nyasi. Utafiti wa Boone na wenzake wa mwaka 2005 juu ya Kajiado ulionyesha kwamba mifugo hupungua ardhi inapokatwa vipande, kwa sababu mnyama aliyefungiwa katika eneo dogo hawezi kuifuata mvua inyeshapo. Huo ni ukweli mkubwa. Lakini kisarufi sentensi yake ni hii: ng'ombe walipungua. Kitenzi -pungua hakidai mtendaji. Jambo linatokea lenyewe, kama jua kuchwa.

Nyongeza ya kaya iliingiza sentensi nyingine: kaya iliuza ng'ombe. Kitenzi sasa kina mtendaji, kina mtendwa, na kina sababu. Makadirio ya mwaka 2006 yalionyesha kwamba sehemu ya upungufu wa mifugo baada ya kugawanya ardhi hutokana na uuzaji: kaya yenye mahitaji ya fedha huuza wanyama wengi kuliko wanaozaliwa, na kundi huzidi kudidimia hata pale ambapo majani bado yapo. Programu ya awali isingeweza kuligundua jambo hili kwa kuwa haikuwa na neno la fedha.

Ukweli wa jambo hilo unathibitishwa na historia ya Kitengela yenyewe. Mpango wa kukodisha ardhi kwa ajili ya wanyamapori ulioanza huko mwaka 2000 uliwalipa wenye ardhi dola 4 za Marekani kwa ekari kwa mwaka, kwa sharti kwamba wasizungushie ua, wasilime, na wasiwadhuru wanyama. Malipo yaligawanywa mara tatu kwa mwaka ili yaende sambamba na karo za shule. Walioubuni mpango huo walijua kwamba ng'ombe wengi hutoka zizini wakati mihula ya shule inapofunguliwa. Kasha la fedha, kwa hiyo, si ubunifu wa mtu aliyeketi Colorado. Ni kitu halisi katika maisha ya Kajiado.

5. Kaya ni nani?

Kasoro ya kwanza iko katika jina la mhusika mkuu mpya. Neno ambalo Kiswahili sanifu hulitumia hapa ni kaya, na tayari neno hilo lina historia inayopaswa kumzindua mfasiri. Kwa Wamijikenda wa pwani, kaya ni makao ya kale yaliyozungukwa na msitu, mahali pa wazee na matambiko. Katika matumizi ya serikali, hasa Tanzania, kaya ni watu wanaoishi na kula pamoja, wanaohesabiwa siku ya sensa. Neno moja, maana mbili, na kila moja ina mipaka yake.

Katika Kimaa mambo yamepambanuliwa zaidi. Enkang' ni boma lenye familia kadhaa. Olmarei ni familia ya mwanamume mmoja: yeye, wake zake, watoto na mifugo. Enkaji ni nyumba ya mwanamke mmoja, aliyoijenga kwa mikono yake. Watafiti wa kituo cha mifugo cha ILCA, waliochapisha mwaka 1991 uchambuzi mpana wa ufugaji wa mashariki ya Kajiado, walilijua hilo, wakalitumia neno olmarei waziwazi kama kizio cha uchambuzi wao. Modeli iliyofuata ililiacha neno hilo na kutumia neno la jumla.

Kilichopotea si rangi ya kienyeji tu. Tofauti kati ya olmarei na enkaji ni tofauti ya mamlaka juu ya mali. Maziwa yako mikononi mwa mwanamke wa enkaji: yeye hukamua ng'ombe waliotengewa nyumba yake, naye huamua maziwa yagawanywe vipi. Uamuzi wa kuuza ng'ombe ni wa mkuu wa olmarei. Sasa itazamwe tena hesabu ya modeli. Chakula cha kwanza ni maziwa, yaani mali iliyo chini ya mke. Pengo lake linazibwa kwa kuuza mnyama, yaani kwa uamuzi wa mume. Ndani ya programu hatua hizo mbili hufuatana bila kikwazo, kana kwamba mkono mmoja unatoa mfuko wa kushoto na kutia wa kulia. Katika boma halisi, kati ya hatua ya kwanza na ya pili pana mazungumzo, pana ombi, na pengine pana kukataliwa. Ng'ombe anapouzwa, fedha zaweza kuwa zimeingia katika olmarei ilhali enkaji moja imepungukiwa maziwa. Kasha moja la fedha haliwezi kuonyesha hali hiyo. Litaonyesha kaya iliyoshiba.

Mtetezi wa modeli atasema kwamba hakuna modeli isiyopunguza mambo, na kwamba ramani yenye ukubwa wa nchi haina faida. Hoja hiyo ni sahihi, na makala haya hayadai kwamba kila neno la Kimaa litiwe katika hesabu. Modeli imepunguza mambo mengi bila madhara. Kwa mfano, ng'ombe, mbuzi na kondoo wanapogeuzwa kuwa kipimo kimoja cha mifugo cha kilo 250, ambapo ng'ombe huhesabiwa 0.7 na mbuzi 0.1, mengi hupotea, lakini swali la malisho bado hujibika, kwa kuwa malisho hulingana na uzito. Kupunguza kunakodhuru ni kule kunakofuta tofauti ambayo swali lenyewe linaitegemea. Swali la PHEWS ni la ustawi wa watu. Ni nani anayeamua juu ya maziwa na ni nani anayeamua juu ya mnyama ni kiini cha ustawi huo.

6. Zawadi: salio au kitendo?

Kasoro ya pili ni ndogo kwa sura lakini kubwa kwa maana. Imekwisha kuelezwa kwamba katika modeli zawadi na chakula cha msaada huja mwisho, kujaza pengo. Kwa lugha ya hesabu, zawadi ni salio: ni kile kilichobaki baada ya mengine yote kutajwa. Aidha, imewekwa kapu moja na chakula cha msaada, kana kwamba ndama aliyetolewa na rafiki na gunia la mahindi lililoletwa na lori ni kitu kimoja.

Kimaa kina neno osotua. Maana yake ya msingi ni kiungamwana, ule utepe unaomuunganisha mama na mtoto aliye tumboni. Maana yake ya kijamii ni uhusiano wa watu wawili wanaosaidiana wakati wa shida. Na wafasiri wa Biblia ya Kimaa walilichagua neno hilohilo kuwa tafsiri ya agano. Kanuni za osotua zimeelezwa na mwanaanthropolojia Lee Cronk, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wamukogodo wa Laikipia. Mtu huomba anapokuwa na shida tu. Huomba kiasi cha shida yake. Na mwombwaji hutoa iwapo kutoa hakutamtia yeye mwenyewe katika shida. Haliwekwi deni la kulipwa kwa hesabu.

Mwaka 2011 Athena Aktipis, Lee Cronk na Rolando de Aguiar walichapisha modeli ya kompyuta iliyojengwa juu ya neno hilo. Ni modeli ndogo mno ikilinganishwa na SAVANNA: haina nyasi, haina miraba ya ardhi, ina familia mbili mbili tu zenye mifugo, na majanga yanayowapata kwa bahati nasibu. Lakini ndani yake kuomba na kutoa ni vitenzi vyenye kanuni. Iliposhindanisha familia zenye osotua na zisizosaidiana, makundi ya zenye osotua yalidumu muda mrefu zaidi. Jambo ambalo modeli kubwa ililiona kuwa salio, modeli ndogo ililiona kuwa sababu ya mifugo kuendelea kuwapo.

Ulinganisho huu ni fundisho kwa wanaodhani kwamba ubora wa programu hupimwa kwa wingi wa nyongeza zake. Modeli kubwa ilijua mvua na majani, lakini haikuwa na neno la kumwezesha mfugaji kumwendea mwenziwe. Modeli ndogo haikujua mengi, ila ilianza na neno ambalo wafugaji wenyewe walikuwa wakilitumia. Kwa Kajiado swali hili lina uzito wa pekee. Iwapo kugawanya ardhi na kujenga nyua kunadhoofisha osotua, hasara yake haitaonekana katika modeli ambayo haina osotua. Itaonekana tu kama pengo lililokua, na mtu mwenye mamlaka atalisoma pengo hilo kuwa haja ya magunia ya msaada.

7. Kiswahili na haki ya kubisha

Modeli zote zilizotajwa ziliandikwa kwa Kiingereza. Mfugaji wa Kajiado anayehesabiwa ndani yake hawezi kuzibisha kwa lugha yake, na msomi wa Kiswahili hajamsaidia sana. Kikwazo kikubwa hapo si upungufu wa istilahi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, lahajedwali ikiwamo. Na lahajedwali ndiyo zana ya kwanza ya kila atungaye modeli ya hesabu. Mwaka uliofuata kampuni ya Microsoft nayo ilitoa sura ya Kiswahili ya programu zake. Mlinganyo, jedwali, kigezo na wastani yamo katika vitabu vya shule. Kilichopungua ni kuyapima maneno hayo kwa kazi yanayofanya mbele ya watu.

Chukuliwe neno matokeo. Kwa mazoea, kile kinachotolewa na modeli huitwa matokeo. Lakini neno hili limetokana na kitenzi -tokea, na watu hulijua kutokana na matokeo ya mtihani na matokeo ya uchaguzi: mambo yaliyokwisha kutukia na kutangazwa. Likitamkwa katika baraza kwamba matokeo yanaonyesha mifugo itapungua, msikilizaji hana pa kuingilia. Mtihani umekwisha kusahihishwa. Ilhali modeli husema juu ya mambo ambayo hayajatokea. Neno lake la haki ni makadirio, kwa kuwa -kadiri hudai mtu aliyekadiri, na aliyekadiri aweza kuulizwa alikadiri kwa kutumia nini. Kadhalika, zoezi la kuiendesha modeli lifaa kuitwa mwigo. Kila msemaji wa Kiswahili anajua kwamba mwigaji aweza kukosea, na anajua kwamba anayestahili kumsahihisha ni yule anayeigwa.

Kwamba jambo hili lawezekana kulithibitika katika mbuga za Athi-Kaputiei, ambazo Kitengela ni sehemu yake. Mradi ulioitwa Reto-o-Reto, jina la Kimaa lenye maana ya kusaidiana, uliwaajiri wenyeji kuwa kiungo kati ya watafiti na wafugaji. Mwaka 2004 wenyeji na watafiti walizipima nyua za eneo hilo moja baada ya nyingine, wakachora ramani yake, nayo ikatumika katika majadiliano ya mpango wa matumizi ya ardhi. Ramani ile haikuwa na hesabu ngumu. Nguvu yake ilikuwa kwamba kila mtu aliyeitazama angeweza kusema: ua huu ni wangu, na ule haupo tena. Aliyehesabiwa aliweza kuisahihisha hesabu.

8. Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba nyongeza ya kaya katika SAVANNA ilileta mtendaji mahali ambapo palikuwa na nyasi na mifugo tu, na kwa hiyo ikagundua sababu ya umaskini iliyokuwa imefichika. Umeonyesha pia kwamba mtendaji huyo alipewa jina pana mno, likafuta mpaka kati ya enkaji na olmarei, na kwamba zawadi iliwekwa mahali pa salio ilhali wafugaji wanaijua kama agano. DECUMA, kwa kuhesabu kaya moja moja, ilifungua nafasi ya kusahihisha hayo; lakini kuongeza idadi ya kaya hakutoshi ikiwa kila kaya inabaki na kasha moja lisilo na mwenyewe.

Kazi iliyobaki ni ya pande mbili. Watunzi wa modeli wanapaswa kuanza nyongeza zao kwa kuuliza maneno ya wanaosimuliwa, kabla ya kuuliza idadi zao. Wanaisimu wa Kiswahili nao wanapaswa kuacha kuitazama istilahi kama orodha ya visawe, na kuipima kwa swali hili: je, neno hili linamwezesha asiye mtaalamu kubisha? Ranchi ya Kitengela iligawanywa kabla ya mwigo wowote wa aina hii kutungwa, na huko Gataka ardhi inatajwa kwa futi. Tangu Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 ichukue mahali pa ile ya 1968, jamii zenye ardhi isiyogawanywa zimepewa fursa mpya ya kuamua juu ya ardhi yao. Wakiletewa makadirio ya kompyuta kabla ya kuamua, yafaa wayapate kwa lugha ambayo wataweza kuuliza ndani yake maziwa ya nani yamehesabiwa, na ni nani aliyeomba akapewa.